Herufi Zilizohama: Kabala kwa Wenyewe na kwa Wanabatini wa Magharibi

Mtu aliyepita chuoni akafundishwa hesabu ya abjadi amekwisha kuvuka kizingiti cha kwanza cha Kabala pasi na kujua. Alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, dali ni 4, na mambo huendelea hivyo mpaka makumi na mamia. Wayahudi wana hesabu hiyo hiyo na kwa mpango huo huo wa herufi, ila zao ni 22 nazo hukoma kwenye 400, ilhali Waarabu wana sita za ziada zinazowafikisha 1000. Jina la elimu yenyewe nalo si geni sana. Kabala hutokana na mzizi ule ule wa herufi tatu ambao, kwa njia ya Kiarabu, umekipa Kiswahili neno kubali na lile takabali la mwenye kuomba dua. Kwa Kiebrania maana yake ni kilichopokewa: mafunzo ya ndani juu ya Mungu na uumbaji ambayo mwanafunzi huyapokea kwa mwalimu wake, naye mwalimu aliyapokea kwa wake.

Kwa zaidi ya miaka mia tano elimu hii ya Wayahudi imekuwa na wasomaji wa pili. Walianza Wakristo wa zama za Mwamko wa Ulaya, wakafuata wanabatini wa Ufaransa na Uingereza wa karne ya 19 na ya 20, watu wa vyama vya siri, wa karata na wa uganga wa vitabuni. Maneno ni yale yale, mchoro wa mti wenye vituo kumi ni ule ule, lakini maana zimeachana kiasi cha kuwafanya wengine waseme kwamba Kabala ya pili ni wizi mtupu, na wengine waseme ni tawi jipya la mti wa kale. Ugomvi huo una wataalamu wake wa dini na wa historia. Mpenzi wa ushairi naye ana sehemu yake humo, kwa sababu kiini chake ni swali analolijua vizuri: je, herufi yaweza kung'olewa kutoka katika lugha yake, ikapandwa kwingine, na bado ikafanya kazi iliyokuwa ikiifanya?

Mfano mdogo unatosha kuonyesha uzito wa swali. Kwa Kiebrania, moja ni ehad, na jumla ya herufi zake ni 13. Upendo ni ahava, na jumla yake pia ni 13. Ukizikusanya mbili hizo unapata 26, ambayo ndiyo jumla ya herufi nne za Jina tukufu la Mungu ambalo Wayahudi hawalitamki. Mwanakabala huona hapo kwamba umoja na upendo si mambo mawili, na kwamba yakikutana Jina hudhihiri. Sasa uhamishie jambo hili katika Kiarabu, lugha ndugu. Neno ahad linabaki na 13 yake, kwani herufi ni zile zile. Lakini mapenzi kwa Kiarabu ni hubb, he ya kooni na be, jumla 10. Umoja na upendo vimekwisha kutengana, na hata safari ndefu bado haijaanza. Kuhusu Kiswahili hapana haja ya kuhesabu. Kinachoitwa gematria ni mfano wa kina: huishi ndani ya lugha moja, na mfasiri awe hodari vipi, hawezi kuubeba.

Wenyewe Kabala walijua hivyo. Kitabu chao kifupi cha kale, Sefer Yetzirah, chasema ulimwengu uliumbwa kwa njia 32 za hekima: sefiroti kumi na herufi 22. Herufi tatu kati ya hizo ni mama, saba zina matamshi mawili mawili, na kumi na mbili ni sahili. Mgawanyo huo hauna maana kwa mtu asiyezitamka. Mwishoni mwa karne ya 13, katika Castile, ikatokea Zohar, kwa Kiaramu, ikinasibishwa na Rabi Shimon bar Yochai wa zama za kale, ingawa utafiti umeielekeza zaidi kwa Moses de León na watu wa duara lake. Zohar ni tafsiri ya Taurati. Hata pale inaporuka juu kabisa, huanza na neno la aya na hurudi kwenye neno la aya. Zile sefiroti kumi, sifa ambazo kwazo Mungu asiye na mpaka hujidhihirisha, zina majina ambayo msomaji wa pwani huyatambua nusu nusu: Hokhma ni hekima, Gevura ni ujabari, Malkhut ni milki. Ya mwisho huitwa pia Shekhina, uwepo wa Mungu unaosakini duniani, wa mzizi mmoja na maskani. Na kila sefira hufungwa kwenye sala, sabato na zile amri 613, hata ikawa anayeshika amri huku chini huunganisha kilichotengana kule juu.

Msomaji wa kwanza mkubwa kutoka nje alikuwa Giovanni Pico della Mirandola, kijana wa miaka 23 aliyechapisha Roma mwaka 1486 hoja zake 900 akitaka kuzijadili mbele ya wanazuoni wote. Alidai kwamba hapana elimu ithibitishayo uungu wa Yesu kuliko uganga wa maumbile na Kabala. Papa Innocent VIII aliuzuia mjadala. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba Pico hakuwa amezua. Alimwajiri Flavius Mithridates, Myahudi wa Sisilia aliyebatizwa, amfasirie kwa Kilatini rundo kubwa la vitabu vya Kabala, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vya Abraham Abulafia, yule wa karne ya 13 aliyefanya ibada ya kuchanganya herufi na kuzipumua. Kwa hiyo Ulaya ilipata kwanza Kabala ya mtu mmoja aliyekuwa pembeni mwa wenzake, ikadhani ndiyo Kabala yote. Hapo hapana wizi. Pana rafu moja ya maktaba iliyochukuliwa kuwa maktaba nzima.

Johannes Reuchlin, Mjerumani, alikwenda mbele zaidi, na kwake ndiko tatizo linapoonekana kwa macho. Huyu alijifunza Kiebrania barabara, na tangu mwaka 1510 alisimama kuvitetea vitabu vya Wayahudi visinyang'anywe na kuchomwa, akashitakiwa kwa hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1517, De arte cabalistica, Myahudi ndiye anayefundisha, na wanaomsikiliza ni mfuasi wa Pythagoras na Mwislamu. Mandhari ya adabu ambayo karne ile haikuyazoea. Lakini katika kitabu cha awali, cha mwaka 1494, alifanya jambo moja lililowastaajabisha wasomaji wake. Alichukua lile Jina la herufi nne akalipasua katikati, akatia shini, likawa na herufi tano, kisha akatangaza kwamba Jina lisilotamkika sasa latamkika, nalo ni la Yesu. Ni wazo zuri. Kasoro yake ni kwamba kwa Kiebrania jina la Yesu huishia kwa aini, wala haliishii kwa he, na tena lina herufi nne tu. Ili kina kipatikane, mtunzi amebadilisha tahajia ya neno. Kwenye baraza ya malenga mtu kama huyo angeambiwa arudie ubeti. Wasomaji wake wa Kilatini hawakuona kitu, maana hawakuwa na sikio la lugha ile.

Baada ya Reuchlin mambo yalikwenda kwa tafsiri ya tafsiri. Athanasius Kircher alichapa mchoro wa mti katika miaka ya 1650, na Knorr von Rosenroth akatoa Kabbala denudata kwa Kilatini baina ya 1677 na 1684. Mwingereza MacGregor Mathers, alipotoa Kabala yake kwa Kiingereza mwaka 1887, aliifasiri kutoka Kilatini hicho cha Knorr. Tangu hapo wengi waliojiita Wanakabala huko Magharibi wangeweza kuishi maisha yao yote bila kusoma ukurasa mmoja wa Kiaramu.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutokea Paris. Karata za taroti zilizaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, nazo zilikuwa za kuchezea. Zina turufu 22. Mwaka 1781 Court de Gébelin alidai katika kitabu chake kwamba ni hekima ya Misri ya kale, na mwenzake aliyeandika katika juzuu hiyo hiyo akazilinganisha na herufi 22 za Kiebrania. Éliphas Lévi, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Alphonse Louis Constant, alijenga mfumo mzima juu ya ulinganifu huo katika miaka ya 1850; kitabu chake chenyewe kina juzuu mbili za milango 22 kila moja. Kwake, Mwanamazingaombwe ni alefu, na Mpumbavu, ambaye karata yake haina namba ya kupangwa nayo, aliwekwa karibu na mwisho akapewa shini. Kisha mwaka 1888 kikaundwa London chama cha Golden Dawn, ambacho Mathers alikuwa mmoja wa waasisi wake watatu. Hao walimtoa Mpumbavu mwisho wakamweka mwanzo, akawa yeye alefu, na karata nyingine karibu zote zikasogea hatua moja. Wakabadilishana pia nafasi za Nguvu na Haki, ili Simba na Mizani za buruji ziangukie mahali walipopataka. Aleister Crowley, aliyepitia chama hicho, akaja na lake: kwa sababu ya kauli moja aliyodai kuletewa na roho mjini Cairo mwaka 1904, alibadilishana herufi za Nyota na Kaisari, kama anavyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1944.

Ajabu ya mabadiliko haya ni kwamba hayakuvunja kitu. Herufi imetoka kwenye karata hii ikaenda kwenye ile, na mfumo umeendelea kusimama kana kwamba hapakuwa na tukio. Mwenye kujua utungaji atatambua mara moja maana yake. Ukihamisha kina cha kati kikaenda mwisho na shairi lisidhurike, basi hicho hakikuwa kina. Kwa Lévi na warithi wake herufi imekuwa kibandiko cha droo: droo ya alefu hutiwa hewa, rangi, mungu wa Kigiriki, ubani na karata, na kesho kibandiko chaweza kuhamia droo ya jirani.

Hata hivyo hoja hii haifai kupelekwa kwa pupa. Nakala za Sefer Yetzirah zenyewe zahitilafiana: sayari saba hazikugawiwa herufi saba kwa namna moja katika nakala zote, na Wanakabala wa Kiyahudi walizipanga upya zaidi ya mara moja. Basi wao pia walihamisha. Tofauti ni hii, kwamba aliyehamisha upande wa Wayahudi alipaswa kuleta aya, au nakala, au kauli ya mwalimu, na mwenzake aliweza kumrudi kwa aya nyingine. Mabishano yao yana mahakama. Crowley hakuwa na mahakama ila ndoto yake. Na kwa haki, yuko mahali ambapo Crowley aliisikia lugha: kwa Kigiriki thelema, utashi, na agape, upendo, kila moja hutoa jumla ya 93, na ulinganifu huo ni wa kweli ndani ya Kigiriki kama ule wa ehad na ahava ulivyo wa kweli ndani ya Kiebrania. Lau angeishia hapo angekuwa msomaji mzuri. Hakuishia hapo, jina la roho yake nalo likatafutiwa tahajia ya Kiebrania ya kutoa 93, ikapatikana.

Dhana iliyopotoka kwa namna ya kusikitisha zaidi ni ile ya kelipa. Kwa Kiebrania cha kila siku kelipa ni ganda la tunda, kumvi, kifuu. Zohar hutumia mfano wa njugu: kiini ndani, maganda nje, na ganda lina kazi yake maadamu kiini bado hakijakomaa. Isaac Luria, aliyefundisha Safed na kufa huko mwaka 1572 akiwa na miaka 38, aliliweka neno hili katikati ya kisa chake kikubwa. Mungu alijibana ili kuupisha ulimwengu nafasi. Nuru ikamiminwa katika vyombo. Vyombo havikuimudu, vikavunjika. Vigae vikaanguka vikiwa vimenasa cheche za nuru. Vigae hivyo ndivyo makelipa. Kazi ya mwanadamu ni kuziokoa cheche, moja moja, kwa sala na kwa tendo: kula kwa shukrani, kupima kwa haki, kushika sabato. Wahasidi wa karne ya 18 walisisitiza kwamba liko ganda la kati, lenye nuru kidogo, ambalo ndilo karibu maisha yote ya kawaida. Chakula si kiovu wala si kitakatifu, kinamsubiri mlaji.

Kwa wanabatini wa London neno hilo hilo limekuwa mti wa pili, uliopinduliwa, wenye makundi kumi ya mashetani yanayokabili sefiroti kumi. Kenneth Grant, mfuasi wa Crowley, aliandika mwaka 1977 kitabu kizima juu ya njia 22 za upande huo wa giza na viumbe wake. Mbegu ya fikra hii imo katika Zohar, maana Zohar yataja pia upande wa pili na majeshi yake, Grant hakuianzisha. Kilichotoweka ni cheche. Ganda limebaki, tena limepambwa, na kile ambacho kwa ajili yake mtu angejishughulisha na ganda hakimo tena. Yumkini hakuna hasara kubwa kuliko hiyo katika safari nzima ya Kabala kwenda Magharibi, kwani kisa cha Luria kilisomwa na watu ambao wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Gershom Scholem aliona uhusiano wa moja kwa moja baina ya ufukuzwaji ule na vyombo vilivyovunjika. Moshe Idel amempinga, akionyesha kwamba fikra nyingi za Luria ni za kale kuliko msiba huo. Liwe liwalo, aliyesoma kisa kile akiwa uhamishoni alisoma habari za cheche zilizo uhamishoni, na mwenye kukisoma akiwa ukumbini London pamoja na ubani na majoho hakulazimika kuona hivyo.

Scholem ndiye aliyetoa hukumu kali kuliko wote. Katika kitabu chake cha mwaka 1941, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa New York mwaka 1938, na tena katika maandishi ya baadaye, aliwaweka Lévi na Crowley miongoni mwa walaghai waliotumia jina la elimu wasiyoijua. Kwa upande wa lugha hana wa kumjibu. Lakini Scholem naye alikuwa na upofu wake. Alipenda Kabala ya fikra pana, na ile Kabala ya vitendo, ya hirizi, majina ya malaika na kuwafukuza pepo, hakuipa nafasi inayolingana na ilivyokuwa imeenea majumbani mwa Wayahudi. Idel na waliomfuata wameirudisha mezani. Ikirudishwa, umbali baina ya Safed na London unapungua kidogo: Mathers hakukosea kudhani kwamba herufi ziliaminiwa kufanya kazi. Alikosea kudhani zingefanya kazi hiyo kwa mtu yeyote, popote, bila ibada iliyozizunguka.

Wapo washairi waliotoka katika nyumba hiyo ya Magharibi na mali halisi. W. B. Yeats aliingia Golden Dawn mwaka 1890. Shairi lake «The Two Trees», ambalo wahakiki wengi wamelihusisha na mti wa Kabala, lina mti mmoja wa moyoni na mwingine wa kiooni, wenye matawi yaliyovunjika. Hapo wale mashetani kumi hawamo, na ulinganifu wa droo haumo. Kuna mwanamke anayeombwa asitazame kioo kichungu. Yeats alifanya ambalo walimu wake hawakulifanya: alama alizopewa zikiwa zimekatwa mizizi alizipanda upya ndani ya lugha, katika vina na mizani ya Kiingereza, mahali ambapo huwezi kusogeza neno bila kuumiza kitu. Ubashiri wa karata umo katika daftari zake za chamani. Kwenye shairi hakuuleta.

Harold Bloom, mhakiki wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kiitwacho Kabbalah and Criticism, alitaka kuigeuza kasoro kuwa kanuni. Kwake, kila mshairi mwenye nguvu humsoma mtangulizi wake vibaya kwa makusudi, akajipatia nafasi, kama vile Mungu wa Luria alivyojibana na vyombo vikavunjika. Kwa kanuni hiyo hata Lévi angesameheka. Lakini kusoma vibaya kwa aina ya Bloom huhitaji kwanza kusoma. Luria aliisoma Zohar mpaka akaijua mstari kwa mstari, ndipo akaivunja. Lévi aliivunja akiwa mlangoni.

Afadhali kwa uaminifu ni Dion Fortune. Katika The Mystical Qabalah ya mwaka 1935 alikiri waziwazi kwamba anayoyafundisha si lazima yawe ndiyo waliyoyajua marabi wa kale, bali ni yale yanayotumiwa na watu wa njia yake. Kitabu chake hakina madai ya kurithi, na kwa sababu hiyo husomeka bila kero. Waandishi wa Kiingereza nao wamejipatia desturi ya kutenganisha pande hizi kwa tahajia: K kwa Wayahudi, C kwa Wakristo wa zama za Mwamko, Q kwa wanabatini. Kiswahili kina k moja tu kwa zote tatu, na mwenye kuandika Kiswahili juu ya jambo hili itambidi aseme kwa maneno kamili ni Kabala ya nani.